Tahadhari kwa Makatibu: Kinga Bandia ya Virusi

Vyama vingi vya msingi vya Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria hutunza hesabu za pamba ya wanachama katika kompyuta. Hesabu hizo zina adui ajaye kwa sura ya mlinzi, nayo ni programu bandia ya kinga ya virusi.

Kinga ya kweli huwekwa na chama chenyewe. Ile bandia hujitokeza bila kuitwa, hudai imeona virusi mamia, kisha huhimiza ilipwe upesi. Mwezi Juni 2011, FBI ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa genge lililowatapeli hivyo watu wapatao 960,000, hasara ikizidi dola milioni 72.

Katibu akiona tangazo la namna hiyo asilipe wala asilibonyeze. Kwanza, akate intaneti. Pili, aiwashe kompyuta upya katika hali salama na kuifuta programu hiyo. Tatu, aikague kompyuta yote kwa kinga ya kweli, kama vile Microsoft Defender, inayokuja na Windows bila malipo. Nne, abadilishe maneno ya siri kwa kutumia kompyuta nyingine. Iwapo fedha zimekwisha kulipwa, benki na polisi waarifiwe siku hiyo hiyo.

Nakala ya hesabu ihifadhiwe kila juma nje ya kompyuta, kwani hesabu ikipotea, mkulima hana cha kudai.