Kupe Nao Wana Majina Yao

Sisi watu wa pwani kupe tunamjua kwa tusi. Mtu asiyebanduka katika baraza za watu ni kupe; na baada ya Azimio la Arusha la 1967, mnyonyaji naye akapewa jina hilo. Zaidi ya hapo, kwetu kupe ni kupe tu.

Ujinga huo nilivuliwa Kibwezi, katika Makueni. Tulikuwa watu saba tulioshirikiana fahali mmoja wa Idi ya kuchinja, nami nikatumwa Ukambani na amana ya wenzangu. Nikamwona mmoja mnene, bei yake ya haki. Nilikwisha tia mkono kibindoni, mzee mmoja mchungaji, mwenyeji wa Kitui, akanizuia.

"Ngoja kwanza, Shehe."

Akalipindua sikio la fahali. Ndani wamejaa kupe wa hudhurungi, hawana pambo lolote. Kisha akanionyesha mwengine kifuani, mgongo wake umetiwa nakshi nyeupe kama mlango wa Lamu.

"Huyu wa nakshi ni wa kwetu, wa nchi kavu. Hao wa sikioni hupenda unyevu. Fahali huyu alipelekwa malisho ya milimani, akarudi nao. Hebu shika hapa."

Nikashika chini ya sikio. Tezi imevimba kama embe changa.

"Ndigana kali," akasema.

Niliporudi Mombasa nilivitafuta vitabu. Naam, kupe ni jamaa wa utitiri, yule wa kuku na wa ndege wa baharini. Wakubwa wao wote wana miguu minane. Wa nakshi alielezwa na Mjerumani Gerstäcker mwaka 1873, kutokana na viumbe vilivyokusanywa katika safari za von der Decken, aliyeuawa 1865 kwenye Mto Juba. Alimtia katika jamii isiyokuwa yake. Wataalamu wa baadaye wakamhamishia kwa jamaa zake, na leo anaitwa Rhipicephalus pulchellus. Yule wa sikioni, Rhipicephalus appendiculatus, alielezwa na Mfaransa Neumann mwaka 1901, naye ndiye mwenezaji mkuu wa ndigana kali. Bibi Jane Walker, aliyefanya kazi Muguga, alitoa kitabu kizima cha kupe wa Kenya mwaka 1974.

Na ugonjwa wenyewe? Wazungu waliuita homa ya Pwani ya Mashariki, kwa kuwa ulipozuka Rhodesia ya Kusini mwanzoni mwa karne ya 20, ulihusishwa na ng'ombe waliotoka pwani yetu hii. Jina letu limo, nasi hatuna habari!

Chuoni tulifundishwa kwamba Nabii Adamu alifunzwa majina ya vitu vyote. Nikidhani ni heshima tu. Sasa naona ni kinga pia: asiyewatenganisha kupe wawili kwa majina yao hununua mauti kwa bei ya haki.

Fahali tuliyemchinja alikuwa mwembamba kidogo. Lakini alikuwa mzima, na amana ya watu ilifika salama.