Vyombo vya Daktari wa Meno: Kila Kimoja na Kazi Yake

Watu wengi huenda kwa daktari wa meno baada ya kukesha usiku kucha, shavu limekwisha kuvimba, na vidonge vya dukani vimekwisha kumezwa bila kuleta nafuu. Siku hiyo mara nyingi jino halina budi kung'olewa. Ndiyo sababu imeenea fikira kwamba daktari huyu ni mtu wa koleo tu, na kwamba mashine zilizokizunguka kiti chake zimewekwa ili kumtesa mgonjwa. Ukweli ni kinyume cha hayo. Karibu kila chombo kilichomo katika chumba kile kilitengenezwa ili jino lisalie kinywani na mwenye jino asiumie.

Kwanza ifahamike jinsi jino lilivyo. Kwa nje lina ganda jeupe, gumu kuliko mfupa wowote wa mwili. Chini ya ganda kuna tabaka lililo laini zaidi, na katikati kuna kiini chenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Uozo huanza juu ya ganda, na hapo hauumi hata kidogo. Maumivu makali huja uozo unapokaribia kiini. Kwa hiyo maumivu ni mjumbe anayechelewa sana, na daktari anahitaji chombo cha kumwonyesha uozo kabla mjumbe huyo hajafika.

Chombo hicho ni eksirei. Miale hiyo iligunduliwa na Wilhelm Röntgen wa Ujerumani mwezi wa Novemba 1895, na mnamo Januari 1896 daktari wa meno Mjerumani, Otto Walkhoff, aliipiga picha ya meno yake mwenyewe. Ilimpasa kukaa kimya mbele ya miale kwa dakika 25. Siku hizi ni chini ya sekunde moja, na mahali pengi filamu imeondoka. Kibamba kidogo huwekwa mdomoni, na picha hutokea papo hapo kwenye kioo cha kompyuta. Humo huonekana tundu lililojificha baina ya magego mawili, au jipu kwenye ncha ya mzizi, mambo ambayo jicho haliwezi kuyaona.

Halafu kuna sindano ya ganzi. Dawa itumiwayo sana ni lidokeini, iliyotengenezwa kwanza na Nils Löfgren wa Sweden mwaka 1943. Haimlazi mgonjwa usingizi. Huzuia tu mshipa wa fahamu usipeleke habari ya maumivu kwenye ubongo, na baada ya saa chache nguvu yake hwisha. Hapa pana jambo ambalo wagonjwa wachache huelezwa. Mahali palipovimba kwa usaha, dawa hii haishiki vema. Basi aliyechelewa huumia, hurudi nyumbani na kuwasimulia jirani zake, nao kwa kuogopa huchelewa vilevile. Sifa mbaya ya kiti kile imetoka huko kwa sehemu kubwa.

Chombo kinachoogopwa kuliko vyote ni keekee ya kuondolea uozo. Katika mwaka 1871 James Morrison wa Marekani alipata hati ya keekee iliyoendeshwa kwa kukanyaga kwa mguu, mfano wa cherehani. Ilizunguka polepole, ikatikisa taya zima. Mwaka 1949 John Walsh wa New Zealand alibuni keekee iendeshwayo kwa hewa, na mwaka 1957 Mmarekani John Borden akaleta sokoni ile iliyoenea duniani. Hewa iliyoshindiliwa katika mtungi hupita kwenye bomba jembamba na kuzungusha gurudumu dogo sana lililomo kichwani mwa keekee, zaidi ya mara 300,000 kwa dakika. Mlio ule mkali unaowatisha watoto ni mlio wa hewa na gurudumu. Kwa kasi hiyo ncha hukata bila kusukumwa kwa nguvu. Lakini kasi huzaa joto, na joto huweza kukiua kiini. Kwa hiyo maji hunyunyizwa wakati wote, na mrija mwingine huyafyonza ili mgonjwa asipaliwe.

Tundu likiisha kusafishwa, huzibwa. Dawa nyeupe ya kuzibia huwekwa ikiwa laini, kisha humulikwa kwa taa ya mwanga wa buluu, nayo huwa ngumu kwa muda wa sekunde 20 hivi kila tabaka. Kioo cha rangi ya machungwa hulinda macho yasidhurike na mwanga huo.

Chombo muhimu kuliko vyote pengine mgonjwa hakioni, maana huwekwa chumba cha nyuma. Ni otoklevu, sufuria nene yenye kifuniko cha kukaza, ambayo mvuke wake hauna pa kutokea. Maji katika sufuria ya kawaida hayapiti digrii 100 za sentigredi, na wapo vijidudu wanaolistahimili joto hilo. Ndani ya otoklevu mvuke hufika digrii 134, na kwa dakika 3 tu huviua vyote, pamoja na virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI. Vyombo huingizwa vikiwa katika pakiti yenye alama inayobadilika rangi ipatwapo na mvuke. Mgonjwa anayo haki ya kutaka pakiti ifunguliwe mbele yake, wala si utovu wa adabu kuomba hivyo.

Msomaji aweza kuuliza: je, mahali pasipo na umeme? Jibu lake lilianzia Afrika Mashariki yenyewe. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, Jo Frencken alianza kuondoa uozo kwa vijiko vidogo vya chuma vishikwavyo mkononi, bila keekee, kisha kuziba tundu kwa saruji ya meno inayoshikamana na jino na kutoa floridi kidogo kidogo. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliikubali njia hiyo, na sasa hutumika katika nchi nyingi, hata darasani shuleni. Haifai, hata hivyo, kwa jino ambalo uozo umekwisha kulifika kiini.