Mbalanga Haiambukizi

Wenzangu, nimesikia mara nyingi ikisemwa kuwa mbalanga huambukizwa kwa kula sahani moja na mgonjwa. Sivyo, nami nitaeleza sababu. Chembe zitengenezazo rangi ya ngozi, zikiwa kazini, hutoa haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile iondoayo rangi ya nywele. Kwa kawaida kimeng'enya kiitwacho katalesi huigeuza kuwa maji na oksijeni. Mwaka 1991 wataalamu walionyesha kuwa katalesi imepungua katika ngozi ya wagonjwa hawa. Sumu ikizidi, chembe hizo huumia. Ndipo askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, huziona kuwa adui na kuziua, na mahali pale huwa peupe. Basi vita hivyo vimo ndani ya ngozi ya mgonjwa mwenyewe, wala havimwendei jirani.