Kutengeneza si kuopoa: Kitenzi kimoja kilivyopoteza hesabu za duka

WASOMAJI kadhaa wa safu hii hunisuta kwamba ninayapa maneno uzito kupita kiasi. “Neno ni neno tu, Profesa, bora watu waelewane,” huniambia. Leo nitawajibu kwa kisa kilichotokea Mji wa Kale, Mombasa, ambako watu wawili walizungumza Kiswahili kimoja, wakaagana kwa furaha, kisha hesabu za duka za miaka minne zikapotea.

Jamaa yangu mmoja ana duka la vitambaa karibu na Ndia Kuu. Siku moja stima ilipotea, na iliporudi ilirudi kwa kishindo, ikaiunguza kompyuta ya dukani. Mzee hakutaharuki. Alikuwa na diski ya kuchomeka ambamo kila Ijumaa alinakili hesabu zake: mauzo, ankara, na orodha ya wateja waliochukua mali kwa mkopo. Alipoichomeka kwenye kompyuta ya mwanawe, haikufunguka. Akaipeleka kwa fundi kijana.

“Hini diski haifunguki, mwanangu. N’tengezee.”

“Haina shida, ami. Njoo alasiri.”

Alasiri ile diski ilifunguka vizuri sana, ila ilikuwa tupu. Fundi alikuwa ameifomati, kisha akaijaribu kwa kunakilia filamu mbili tatu ili ahakikishe kwamba inafanya kazi. Mzee alipaza sauti, na fundi naye akashangaa. Kwani si aliambiwa atengeneze diski? Ameitengeneza!

Ukweli ni kwamba fundi hakukosea Kiswahili. Kitenzi “kutengeneza”, au “kutengeza” kama tusemavyo Mvita, huelekezwa kwa kifaa. Ukitengenezewa redio, unatarajia iseme; hujali ilikuwa ikicheza wimbo gani ilipoharibika. Diski ni kinyume cha hayo. Kifaa chenyewe hununuliwa upya dukani, ilhali kilichomo ndani hakiuzwi popote. Mzee alisema “diski” akimaanisha “faili”, na fundi akasikia diski.

Je, tuseme nini basi? Kiswahili kina vitenzi vitatu hapa, na kila kimoja kina kazi yake. Kutengeneza ni cha kifaa, kama tulivyoona. Cha pili ni “kurejesha”. Huku ni kuchukua nakala iliyo nzima na kuiweka ilipokuwa ile ya kwanza. Ukipoteza simu, ukanunua nyingine na kupakua picha zako ulizokuwa umezihifadhi kwingine, umezirejesha. Sharti la kurejesha ni kuwa na nakala nzima.

Cha tatu ni “kuopoa”. (Najua vijana wana maana yao nyingine ya neno hili; hiyo tuiache leo.) Kuopoa ni kutoa kitu kilichozama majini au kilichotumbukia kisimani. Watu wa pwani tunaelewa kwamba anayeopoa hatoi ahadi. Manowari ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka wa 1697, wakati ngome ilipokuwa imezingirwa. Kati ya 1977 na 1980, wanaakiolojia wa majini waliichimbua, na baadhi ya vitu walivyoviopoa vinaonyeshwa katika makumbusho ya ngome hiyo. Viliopolewa vitu vingi, lakini hakuna aliyetazamia meli itweke tanga tena. Ndivyo ilivyo kwa diski iliyoharibika. Faili huopolewa moja moja, nyingine zikiwa nzima, nyingine nusu, na nyingine hazionekani kamwe.

Tofauti hii si ya kamusini tu. Fundi akisikia “niopolee faili”, utaratibu wake wote hubadilika. Kwanza, haandiki chochote juu ya diski iliyo mgonjwa. Pili, hutengeneza taswira yake, yaani nakala ya diski nzima, hadi sehemu zisizofunguka, kwenye diski nyingine iliyo salama. Ipo programu ya bure iitwayo ddrescue ambayo husoma kwanza sehemu nzuri, ikaziruka zile mbovu, kisha ikazirudia baadaye, huku ikiweka kumbukumbu ya ilipofika. Tatu, kazi ya kutafuta faili hufanywa kwenye ile taswira. Diski yenyewe huachwa ipumzike, kwa sababu kila inapozungushwa huenda ikazidi kuharibika. Na ikiwa inatoa mlio wa kugongagonga, huzimwa papo hapo na kupelekwa kwa mtaalamu mwenye chumba kisicho na vumbi. Haifunguliwi mezani.

Hata kule kufomati hakukuwa mwisho wa mambo. Kufomati kwa haraka aghalabu hufuta orodha ya yaliyomo na kuacha maandishi yenyewe mahali pake, mfano wa kitabu kilichochanwa ukurasa wa yaliyomo. Kilichommaliza mzee wangu ni zile filamu. Kila palipoandikwa filamu, palifutika hesabu, na palipofutika hivyo hapaopoleki.

Bahati nzuri, katika mtoto wa meza mlikuwa na sidii mbili za zamani alizokuwa amenakilia sehemu ya hesabu zile. Hapa tunakutana na mkanganyiko wa nomino. Sote twasema “diski”, kumbe twataja vitu viwili. Diski ya kompyuta huhifadhi maandishi kwa sumaku, na kichwa cha kuyasomea huelea juu yake bila kuigusa. Sidii ni kisahani cha plastiki kinachosomwa kwa mwanga. Ushauri wa kuokoa hiki si ushauri wa kuokoa kile, kwa hivyo ni vyema kusema “kisahani” tunapokusudia sidii.

Watu wengi hudhani maandishi ya kisahani yako upande wa chini, ule unaometameta. La hasha. Katika sidii, tabaka la maandishi na lile la chuma linaloakisi mwanga yako juu, chini tu ya lebo, yakifunikwa na rangi nyembamba ya kuyakinga. Upande wa chini ni plastiki tupu, yenye unene wa takriban milimita 1.2. Ndiyo sababu mkwaruzo wa chini huweza kusuguliwa ukapungua, lakini mkwaruzo wa upande wa lebo huondoka na maandishi yenyewe. Ndiyo sababu pia haifai kuandika juu ya kisahani kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu, au kukibandika karatasi kisha kuibandua. Na kwa hewa yetu ya kisiwani, yenye unyevu na chumvi, lile tabaka la chuma likipata upenyo huanza kuliwa.

Visahani vya mzee vilisafishwa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Havikufutwa kwa kuzungusha, kwa maana mkwaruzo unaofuata mzunguko hufunika maandishi mengi yaliyopangana na huwa mgumu zaidi kusomeka. Kimoja kilikataa kwenye kompyuta mpya, kikakubali kwenye kisomaji kikuukuu. Cha pili kilitoa nusu. Ankara za miaka miwili zikapatikana. Orodha ya wadeni haikupatikana, na tangu siku hiyo mzee hulipwa na wale tu wanaomcha Mungu. Isitoshe, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inamtaka mfanyabiashara kuhifadhi rekodi zake kwa miaka mitano. Mkaguzi akija, “diski ilitengenezwa” si jibu.

Limebaki neno moja. Mitaani twasema “bakapu”. Wataalamu wengine husema “nakala rudufu”, wengine “nakala ya akiba”, na baadhi ya wafasiri wa programu wamechukua “chelezo”. Mimi nalipenda hili la mwisho. Limetokana na kitenzi elea, katika umbo la kusababisha: eleza, yaani kufanya kitu kielee. Mabaharia waliliita chelezo lile boya linaloonyesha nanga ilipo. Neno lenyewe linatoa funzo, maana chelezo kikizama pamoja na nanga hakina kazi tena. Nakala iliyo katika duka lilelile, juu ya meza ileile, ni mzigo mwingine katika jahazi lilelile. Na kompyuta ya mzee ilipoungua, ile diski ya kuchomeka iliacha kuwa chelezo. Ilikuwa ndiyo nakala pekee iliyokamilika, naye akaipeleka kwa fundi kama mtu apelekaye kiatu.

Wazee wetu walilijua hili bila kompyuta. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mvita, aliyefariki karibu mwaka wa 1840, tunazisoma leo kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya, Mchungaji W.E. Taylor akazinakili, na nakala zikafika London. Hatimaye Hichens alizichapisha mwaka wa 1940. Laiti zingebaki katika sanduku moja la nyumba moja, mchwa wangezimaliza zamani.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, diski yako ikigoma, usibonyeze chochote kinachokuomba uifomati. Itoe, na ukifika kwa fundi sema hivi: “Sitaki diski itengenezwe. Nataka faili ziopolewe, na usiandike chochote juu yake.” Fundi asiyeielewa sentensi hiyo, mshukuru, uchukue diski yako uondoke.