Kiunga na viunga vyake

Katika Kiswahili cha mwambao, neno kiunga lina maana mbili zinazokaribiana. Ya kwanza ni pembezoni mwa mji, pale nyumba zinapokwisha na mashamba yanapoanza. Ya pili ni shamba la miti ya matunda. Maana hizi zimetokana na maisha yenyewe, kwani mji wa Waswahili aghalabu ulizungukwa na minazi, miembe na mindimu, na msafiri alipita kivulini kabla ya kufika porini. Nami kila nisikiapo habari za mji wa Kiunga, ulio katika pwani ya kaskazini ya Lamu karibu na mpaka wa Somalia, hulikumbuka neno hili. Sidai kwamba mji ulipewa jina kwa sababu hiyo. Majina ya mahali yana mitego mingi, na mwanaisimu mwangalifu hajengi hoja juu ya mfanano wa sauti. Nasema tu kwamba neno hilo linatuletea swali: viunga vya Kiunga vina hali gani, na ni nani anayevichunguza?

Pengine msomaji atashangaa kumwona mwalimu wa isimu akijitia katika mambo ya miti. Naomba anistahimilie. Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alinituma nazi ya kupikia wali, nami kwa ujinga wangu nikamletea koroma. Aliipasua, akaikuna, akaikamua, na tui likatoka jepesi kama maji ya kuoshea mchele. Hakunigombeza. Aliniketisha akanifundisha: karara likipasuka huonekana upunga, upunga huzaa kidaka, kidaka kikikua huwa kitale, kitale huwa dafu, dafu huwa koroma, koroma huwa nazi, nayo nazi ikikaukia ndani ya kifuu huitwa mbata. Siku ile nilidhani nimefundishwa msamiati. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma maandishi ya wataalamu wa mimea, niling'amua kuwa nilikuwa nimefundishwa sayansi.

Kwa yakini, kila jina katika orodha ile linaonyesha badiliko la kweli ndani ya tunda. Kidaka ni tunda lililo katika hatari kubwa kuliko yote, kwani mnazi ukipatwa na kiu huangusha vidaka vyake vingi ili kuwaokoa wachache. Kitale kina maji, lakini hakijaumba nyama. Dafu, katika mwezi wa sita hadi wa nane hivi, lina maji mengi na matamu, na nyama yake ndiyo kwanza inaanza kama utelezi. Katika koroma nyama inakuwa ngumu lakini mafuta hayajatimia, na ndiyo sababu tui la bibi lilikuwa jepesi. Nazi kamili huchukua takriban miezi 11 au 12 tangu upunga kufunguka. Wakulima wetu walizipa hatua hizi majina kabla ya kuwako maabara yoyote katika mwambao huu. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyekuwa mkusanyaji wa mimea na vilevile mtunzi wa kamusi kubwa ya Kiswahili iliyoanza kuchapishwa Paris mwaka 1939, aliufahamu uhusiano huo wa neno na mmea.

Lakini jambo kubwa zaidi katika maumbile ya mnazi ni hesabu yake ya wakati. Mnazi mzima hutoa kuti jipya takriban kila mwezi, na kila kuti hubeba karara kwapani mwake. Karara hilo huanza kuumbika ndani ya kilele cha mti zaidi ya miaka miwili kabla ya jicho la mtu kuliona. Ukiongeza mwaka mmoja wa tunda kukomaa, utaona kwamba nazi unayoiangua leo ilianza safari yake zaidi ya miaka mitatu iliyopita. Ukame wa mwaka huu hauishii mwaka huu. Athari yake itaendelea kudondoka mtini hata baada ya mvua kurejea. Kwa hivyo mtafiti anayefika kwa wiki moja, akahesabu nazi na kuondoka, hajui anahesabu mvua ya mwaka gani. Anayejua ni mtu aliyekaa.

Mwembe nao una tabia nyingine. Wenyewe hauhitaji kubembelezwa kwa maji wakati wote. Ukipata maji bila kikomo hutoa majani na kusahau maua. Chipukizi changa hazichanui. Hapana budi zikomae kwa miezi kadhaa, kisha ukuaji usimamishwe na ukavu au na ubaridi wa usiku, ndipo zitoe maua. Katika pwani yetu, miezi ya baridi ya kusi inafanya kazi hiyo. Nayo mvua ikinyesha wakati wa maua, kuvu huyageuza kuwa meusi na mazao yakapotea. Huko Ufilipino wakulima walikuwa wakifukiza moshi chini ya miembe ili ichanue, na katika miaka ya 1970 mwanasayansi Ramon Barba alionyesha kuwa kunyunyizia nitrati ya potasiamu kunaweza kuleta maua nje ya msimu. Hata dawa hiyo, hata hivyo, haina nguvu juu ya chipukizi ambazo hazijakomaa. Hapo napo ujuzi wa kwanza ni kuutambua umri wa tawi.

Tukiyachukua maarifa haya mpaka Kiunga, tutaona mara moja kwamba ushauri uliotungwa kwa ajili ya Kwale au Kilifi hauwezi kuhamishwa kama mzigo wa jahazi. Mvua hupungua kadiri mtu anavyopanda kaskazini kutoka Lamu. Sehemu kubwa ya ardhi ya ufukweni ni mchanga na mawe ya matumbawe, na chokaa ya matumbawe huyafunga madini ya chuma na zinki hata mizizi isiweze kuyafyonza. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, na mkulima asiyeelezwa hudhani ni kiu, akazidi kumwagia maji. Na maji yenyewe yana hila: katika ardhi ya namna hii maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, hivyo kisima kikichotwa kupita kiasi huvuta chumvi kutoka chini. Mnazi huivumilia chumvi, mwembe hauivumilii. Upepo wa kusi nao hurusha vumbi la maji ya bahari juu ya majani. Kupanda mwembe mahali kama hapa ni kazi ya kuchagua shimo, kinga ya upepo na kisima, na kila uchaguzi wahitaji ushahidi wa mahali hapo hapo.

Historia yetu inatuonyesha kuwa utafiti wa namna hiyo unawezekana. Zanzibar ilisumbuliwa na nazi changa zilizotoa utomvu na kuanguka kabla ya wakati. Mwingereza Michael Way alikaa na kuchunguza, na mwaka 1953 alichapisha matokeo yake: mkosaji alikuwa mdudu mdogo afyonzaye tunda, ambaye baadaye alipewa jina la kisayansi kwa heshima yake. Aligundua pia kwamba minazi iliyokaliwa na maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, ilikuwa na kinga dhidi ya mdudu huyo. Ni nani kati yetu aliyekulia shambani asiyemjua maji moto? Tulimjua kwa uchungu wake, na jina lake lenyewe linausema uchungu huo. Sayansi ilituonyesha kuwa mchungu huyo alikuwa mlinzi. Iwapo mkulima hakuambiwa hayo kwa lugha yake, angeendelea kumchoma moto mlinzi wake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye jeraha. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, Wabajuni wa vijiji vya bara walilazimika kuyaacha mashamba yao na kukimbilia visiwani, Lamu, Malindi na Mombasa. Wengi hawakurudi, na wengi hawakuwa na hati za ardhi waliyoiacha. Ushahidi wao ulikuwa miti waliyoipanda wazee wao. Baadaye, mashambulizi ya miaka ya 2010 na operesheni ya usalama ya Linda Boni, iliyoanza mwaka 2015, yaliwafanya watu waogope tena kwenda mbali na nyumba zao. Mvuvi aweza kuacha bahari mwaka mzima na kuikuta ilipo. Mkulima wa mtama aweza kuanza upya mvua zikinyesha. Lakini mti unaohesabu wakati kwa miaka mitatu hauwezi kulelewa na watu wasiojua kama watalala hapo mwezi ujao. Shamba lisilo mtu humezwa na magugu, na magogo ya minazi iliyokufa huwa mazalio ya chonga, mdudu atobole vilele vya ile iliyo hai.

Kinachopotea pamoja na miti ni maneno. Kijana aliyezaliwa mjini, ambaye nazi huiona dukani tu, hana haja ya kitale wala koroma. Kwake kuna dafu na nazi, basi. Neno lisilotumika hufa, nalo likifa hufa na kipimo lililokibeba. Siku mtafiti atakapofika Kiunga na kuuliza vidaka vinaanguka lini, huenda asipate wa kumjibu.

Wapo watakaosema kuwa Kiunga ni mbali, watu wake ni wachache, na fedha za utafiti ni haba. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba mahali pakavu penye chumvi ndipo panapoweza kutufundisha mapema yale yatakayoifika pwani nzima mvua zikizidi kuyumba. Mti uliostahimili Kiunga ni mbegu ya thamani kwa Kilifi.

Wala ninachokiomba si maabara ya gharama. Kilimo ni jukumu la kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, lina kituo Mtwapa. Na vyombo hivi viwili viweke kipimo cha mvua na daftari katika shule au zahanati ya Kiunga, viteue miembe na minazi kadhaa ya wenyeji, na vimwajiri kijana wa hapo aandike kila mwezi: makuti mangapi, vidaka vingapi, chipukizi zina umri gani, maji ya kisima yana chumvi kiasi gani. Aandike kwa Kiswahili, kwa maneno ya wazee wake, na wazee hao waketi naye wamsahihishe. Serikali nayo imalize suala la hati, kwani hakuna apandaye mwembe katika ardhi anayoweza kufukuzwa.

Bibi yangu hakuwahi kuliona daftari la namna hiyo. Lake lilikuwa kichwani. Wazee wa Kiunga waliobaki wana madaftari yao vichwani vilevile, na umri haungojei bajeti. Waswahili husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mnazi utakaopandwa leo utahitaji mtu wa kuungojea kwa miaka. Tumpe mtu huyo amani, hati na daftari, na kiunga kitajirudia chenyewe.