Ukumbi wa Bunge na Gesi ya Mnazi Bay

Baada ya Uhuru mwaka 1961, Bunge letu lilikutana katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, jengo tulilolirithi kutoka enzi za ukoloni. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, katikati ya nchi, yawe karibu na wananchi wote. Ukumbi wa sasa wa Bunge ulifunguliwa huko mwaka 2006.

Je, ukaribu huo umetimia? Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Mei 2013, bajeti ya Nishati na Madini iliposomwa ukumbini humo, ghasia zilizuka Mtwara: wananchi walipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Ujenzi wa Bunge la wananchi haujakwisha. Sisi makada hatuna budi kuwasikiliza wananchi kabla ya maamuzi.