David Gressly: mwanadiplomasia aliyetumwa Butembo wakati wa Ebola

Mwezi wa Mei 2019 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alimteua David Gressly, Mmarekani, kuwa Mratibu wa Dharura wa Ebola, naye akawekwa Butembo. Wengi walijiuliza: kama madaktari wa OMS wamekwisha kufika, mwanadiplomasia anakuja kufanya nini?

Gressly hakuwa mgeni katika nchi zenye vita. Alitumika miaka mingi katika UNICEF. Kisha alikuwa mratibu wa Umoja wa Mataifa kusini mwa Sudani, hata wakati wa kura ya maoni ya Januari 2011, na baadaye alikuwa naibu mkuu wa ujumbe wa amani nchini Mali. Alipotumwa Butembo alikuwa tayari naibu mkuu wa Monusco hapa Kongo.

Ili kuelewa kazi yake, tukumbuke hali ilivyokuwa. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya kugunduliwa Mangina. Watu wa Beni walikuwa wamezika jamaa zao waliouawa tangu Oktoba 2014. Ndipo wakaona magari mengi na pesa nyingi zikija kwa ajili ya ugonjwa mmoja, hali mauaji yanaendelea. Desemba 2018, uchaguzi wa Beni na Butembo ukaahirishwa kwa sababu ya Ebola na usalama. Wengi wakasema ugonjwa huu ni siasa na biashara. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa, na tarehe 19 Aprili daktari wa OMS kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, akauawa Butembo.

Kwa hiyo chanjo ilikuwepo, lakini wenye kuitoa walikosa njia ya kufikia watu. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa Gressly. OMS iliendelea kuongoza mambo ya afya. Yeye alisimamia usalama, matumizi ya fedha, mazungumzo na viongozi, na misaada mingine kwa jamii. Julai 2019 Rais Félix Tshisekedi alimkabidhi Profesa Jean-Jacques Muyembe uongozi wa mapambano upande wa serikali.

Ugonjwa ulitangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walikuwa wameugua, 2,287 walikufa, na zaidi ya 300,000 walipata chanjo. Haikuwa kazi ya mtu mmoja. Wauguzi wetu, waliopona, wachungaji, mapadri na maimamu walieleza ugonjwa kwa lugha ya nyumbani, na mafundisho yao yalipokelewa pale ambapo wageni walifukuzwa.

Lakini tusifiche mengine. Novemba 2019, baada ya mauaji mapya, wananchi wenye hasira walichoma ofisi za Monusco Beni. Na mwaka 2021 tume huru iliyoundwa na OMS ilitaja watu 83 walioshutumiwa kuwadhulumu wanawake na wasichana kingono wakati wa Ebola, 21 kati yao wakiwa wa OMS. Waliokuja kuokoa uhai walihitaji nao kusimamiwa, na dada zetu walilipia uzembe huo.

Mwaka 2021 Gressly alitumwa Yemeni. Huko aliongoza kazi ya kuhamisha mafuta, zaidi ya mapipa milioni moja, kutoka meli mbovu iitwayo Safer, iliyotishia kumwaga sumu katika Bahari ya Shamu. Mafuta yalimalizika kuhamishwa Agosti 2023. Hapo pia ilibidi kwanza pande zinazopigana zikubali.

Kwetu sisi, jambo la kushika ni hili. Ebola ilipozuka tena upande wa Butembo Februari 2021, wagonjwa 12 walihesabiwa, 6 wakafa, na mwezi wa Mei ikaisha. Safari hiyo wauguzi wetu walikuwa wanajua la kufanya, na chanjo ilikuja mapema. Mwanadiplomasia huja na barua ya kuteuliwa, kisha huitwa kwingine. Imani ya watu haimo katika barua hiyo, hujengwa na wanaobaki. Basi tusingoje gonjwa lingine: kila parokia iwe na watu waliofundishwa, na mahali salama ambapo mwanamke aliyedhulumiwa anaweza kusema na kusikilizwa.